Uwanja wa kuchezea watoto wadogo: anza na mchanga, bembea ingoje

Mwaka niliofungua kituo cha kulelea watoto mchana, nje kidogo ya Dar es Salaam, nilinunua ngazi ya plastiki ya kutelezea, nyekundu kwa manjano, kwa pesa ambayo ingelipa kodi ya miezi miwili. Watoto waliipanda siku tatu. Siku ya nne fundi akamwaga mchanga wa kumalizia ukuta wa choo, na tangu hapo ile plastiki haikupata mteja. Walichimba, walifukiana miguu, walisonga ugali wa mchanga na kuniletea nionje. Fundi alinuna kwa sababu mchanga wake unatawanywa, nami nilinuna kwa sababu pesa yangu imegeuka kamba ya kuanikia vitambaa. Baada ya wiki mbili nilimlipa yule yule fundi alete mchanga mwingine, huu wa watoto.

Wenzetu walishayaona haya zamani. Mwaka 1885, mjini Boston, Marekani, lilimwagwa rundo la mchanga kwenye ua wa kanisa dogo ili watoto wa mtaa ule wapate pa kuchezea, na historia ya viwanja vya watoto vya nchi ile huanza kusimuliwa hapo. Mwaka 1943, kule Emdrup, Copenhagen, Denmark, msanifu wa bustani C. Th. Sørensen alishiriki kuanzisha uwanja wa mbao na matofali chakavu, kwa kuwa alikuwa ameona watoto wanavyoviacha viwanja vilivyopambwa na kukimbilia vifusi na saiti za ujenzi. Mtoto wa Mbagala aliyekaa juu ya mchanga wa fundi anafanya jambo lile lile.

Mwongozo huu ni wa watoto wa mwaka mmoja na nusu hadi sita, kwa ua wa nyumbani au wa chekechea. Wangu una mita 5 kwa 8. Ukiwa na mita 3 kwa 4 bado utapata sehemu kubwa ya ninayoyaeleza, ila bembea uisahau. Sababu nitaitoa mbele.

Hatua ya 1: Kaa uani siku tatu bila kununua kitu

Chukua kigoda, ukae nje saa 3 asubuhi, saa 7 mchana na saa 10 jioni. Kila mara chora kwa kijiti mahali kivuli kinapoishia. Kwa Dar es Salaam, mwezi wa 6 jua la mchana hupita upande wa kaskazini, na mwezi wa 12 hupita upande wa kusini, kwa hiyo ukuta unaokupa kivuli sasa huenda usikupe baada ya miezi sita. Jua la jioni halibadiliki sana: linatoka magharibi, na ndilo linalowakuta watoto wakiwa nje. Mti au turubai likae upande huo.

Mvua ikinyesha, toka na mwavuli uangalie maji yanatuama wapi. Hapo usiweke mchanga. Kama unapanga wakati wa kiangazi, waulize majirani waliokuwepo masika yaliyopita.

Sasa keti mahali utakapokuwa ukikaa watoto wakicheza. Kwa wengi wetu ni kwenye baraza, au dirisha la jiko. Je, unauona ua wote bila kusimama? Kona usiyoiona usiipangie mchezo wowote, panda mchaichai.

Kisha tafuta vinavyoua. Hapa sina lugha ya upole. Mfuniko wa chemba uliopasuka. Kisima chenye bati juu. Geti linalofunguka kwa kusukumwa. Na gari: uani kwetu dereva wa gari dogo akirudi nyuma hamwoni mtoto wa urefu wa bampa, na mtoto mdogo akisikia gari la baba hukimbilia mlio wake. Kama gari linaingia uani, uwanja wa watoto utenganishwe nalo kwa kitu ambacho gari haliwezi kukivuka, kama gogo zito au tofali zilizojengewa. Kamba yenye vitambaa vya rangi haimzuii dereva.

Hatua ya 2: Toa kabla ya kuweka

Fagia, kisha pita tena kwa reki, kisha pita kwa mikono. Misumari, vipande vya chupa na ncha za nyaya za kufungia nondo hubaki ardhini miaka mingi baada ya nyumba kuisha. Fundi mmoja alinikopesha sumaku ya spika kuukuu, nikaifunga kamba na kuiburuta uani. Nilipata misumari ya kujaza kopo la maziwa.

Halafu angalia mimea. Mnyaa, ambao wengi tunauotesha kama uzio, una utomvu mweupe unaounguza ngozi, na ukiingia jichoni ni safari ya hospitali. Mbono kaburi nao ni uzio mzuri, lakini mbegu zake ni tamu kiasi cha kumdanganya mtoto, kisha anatapika na kuharisha. Mbegu za mbarika zina madoadoa mazuri, na ni sumu kali. Mnanaha ung'oe na mizizi yake. Upupu ukiwa kwenye uzio wa jirani, mwombe mwenyewe muung'oe pamoja kabla haujakauka na kupeperuka.

Mkorosho una matawi ya chini yanayopandika vizuri, ila msimu wa korosho mafuta ya ganda bichi huunguza midomo na vidole, kwa hiyo okota zote kila asubuhi. Mnazi usimweke mtoto chini yake hata kama ni mzee na unasema hauzai tena.

Kama ua wako umeshawekwa pevingi, toa walau mita 3 kwa 3. Najua ziligharimu. Lakini mtoto akianguka kwenye zege hana kinachompokea, na pevingi huhifadhi joto mpaka jioni. Zitumie zile ulizozitoa kutengeneza njia nyembamba kutoka mlangoni. Vibaiskeli na viti vya magurudumu vinaipenda.

Hatua ya 3: Kivuli

Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya 2019, linasema mtoto wa mwaka 1 hadi 4 apate angalau dakika 180 za kujishughulisha kimwili kwa siku. Hizo ni saa tatu. Ukizitafuta nje bila kivuli, kwa jua letu, utawarudisha watoto ndani baada ya nusu saa wakiwa wamelegea.

Kama una mwembe au mkungu, umeshamaliza, jenga uwanja chini yake. Mkungu ndio ninaoupendekeza kwa anayepanda sasa: hukua haraka, matawi yake hutanda kwa ghorofa kama miavuli, na kungu zenyewe zitakuwa vifaa vya mchezo. Wakati unasubiri, funga wavu wa kivuli kama ule wa vitalu vya miche, kwenye mirunda minne. Turubai la plastiki linazuia mvua lakini chini yake kunakuwa kama ndani ya kontena. Makuti ni bora kuliko vyote viwili, ila yanataka kubadilishwa, na nge wanayapenda.

Mirunda ifukiwe sentimita 60 na kumwagiwa zege. Fundi atakushauri uipake oili chafu kuzuia mchwa. Mkatalie. Watoto watakumbatia nguzo hizo, wataziegemea, na mdogo kuliko wote atazilamba.

Hatua ya 4: Mchanga

Hapa ndipo pesa yako iende.

Nunua mchanga wa mto uliooshwa. Mchanga wa shimo una udongo wa mfinyanzi. Ukilowa unashika nguo na haufuliki. Kuupima ni rahisi: weka ngumi moja kwenye chupa ya maji, tikisa, uache utulie kwa saa moja. Tope likikaa juu ya mchanga kwa unene wa kidole, mrudishie muuzaji. Wa baharini usiuchote, una chumvi, na fukwe zetu zimeshaliwa vya kutosha.

Kwa watoto wanne au watano, shimo la mita 2 kwa 1.5 linatosha. Chimba sentimita 15. Chini mwaga kokoto kiasi cha kufunika udongo ili maji yapite, juu yake tandaza viroba vya sembe vilivyochanwa ili mchanga usichanganyike na kokoto. Pembeni usijenge kwa tofali za bloku, zina ncha, na kila mtoto ataangukia hapo mara moja. Ukiwa pwani tafuta magogo ya mnazi. Mnazi mzee ukikatwa, wenye mali hufurahi ukiwaondolea shina. Menya ganda, piga msasa mpaka nyuzi zisichome, yapange kuzunguka shimo. Watoto watayakalia, watauzia chapati juu yake, watatembea juu yake wakijipima mizani.

Mchanga wenyewe ujae kina cha sentimita 25. Kwa vipimo hivyo ni lita 750, yaani ndoo 38 za lita 20. Hesabu ndoo wakati wa kushusha, maana muuzaji naye anahesabu kwa namna yake.

Tatizo la mchanga ni paka. Paka wa mtaa mzima watapata habari kabla ya watoto, na kinyesi chao, kama cha mbwa, huacha mayai ya minyoo. Nilianza kufunika kwa turubai. Chini yake mchanga ukavunda, na asubuhi moja nikamkuta tandu wa urefu wa kiganja. Sasa natumia fremu ya mbao iliyowambwa wavu chakavu wa kuvulia dagaa, wenye matundu madogo: jua na hewa vinapita, paka hapiti. Naiweka kila jioni. Kila Jumamosi nageuza mchanga kwa reki ili wa chini uonje jua.

Kuku na mbwa wasilale hapo hata kidogo, kwa sababu ya funza. Funza hupenda vumbi kavu ambamo wanyama hulala. Mimi nanyunyizia mchanga maji kidogo asubuhi, na faida ya pili ni kwamba mchanga wenye unyevu ndio unaojengeka. Mkavu unamwagika tu, na mkavu ndio unaorushwa machoni.

Vifaa vya mchangani ni vikombe vya plastiki, vifuu, chujio lililochakaa, dumu la lita 3 lililokatwa likawa pauro. Ncha za dumu zichome kwa moto wa mshumaa zijikunje. Usiweke vingi. Kukiwa na pauro mbili kwa watoto watano kutatokea ugomvi, lakini kukiwa na kumi hakuna mtoto atakayehitaji kumwomba mwenzake, na kuombana ni nusu ya mchezo. Sisi tuna nne.

Tulikuwa na mtoto ambaye hakuweza kukaa chini peke yake. Tulimwekea mchanga kwenye beseni pana juu ya meza fupi, pembeni ya shimo la wenzake. Siku ya pili wenzake walikuwa wamehamia kwenye beseni.

Hatua ya 5: Jiko la kujipikilisha, na maji

Kila aliyekulia uswahilini amejipikilisha: kifuu kwa sufuria, mawe matatu, majani ya mwarobaini kwa mchicha, na baba wa mchezo anayerudi kazini kila baada ya dakika mbili. Huna haja ya kuwafundisha watoto. Wape mahali tu.

Jenga nguzo mbili fupi za tofali, zishikwe kwa saruji zisije zikabomoka, juu weka ubao mpana. Kimo cha sentimita 50 kinawafaa wa miaka mitatu hadi mitano. Ukitumia mbao za mapaleti, tafuta mhuri: yenye herufi HT ilitibiwa kwa joto, hiyo chukua, yenye MB ilifukizwa dawa ya sumu, hiyo iache. Piga msasa. Rangi ikiwa lazima, nunua yenye maelezo kwamba haina madini ya risasi, na usitumie mabaki ya kopo ambalo hakuna anayekumbuka umri wake.

Vyombo visinunuliwe dukani. Sufuria iliyotoboka, mwiko uliovunjika mpini, upawa, ungo mdogo, kinu cha kitunguu saumu. Mbuzi ya nazi pia, ila kwanza mwite fundi aing'oe lile jino. Watoto wataikalia na kukuna hewa kwa bidii utakayoshangaa. Vyakula viwe majani, maua yaliyodondoka, magunzi, kokwa za embe zilizokauka. Kuna wanaowapa watoto mchele na unga wa kuchezea. Mimi sitoi, kwa kuwa kuna mtoto kituoni kwangu ambaye huo unga ungekuwa chakula chake cha jioni, na yeye anajua.

Wenye chini ya miaka mitatu huweka kila kitu mdomoni. Kipimo changu ni kile kigunzi cha karatasi cha ndani ya karatasi ya chooni: kinachopita humo kinaweza kumkaba mtoto. Vizibo vya soda vinapita, gololi zinapita, mbegu za ubuyu zinapita. Vitu hivyo vikae kwenye kopo lenye mfuniko, juu, vitolewe wadogo wakiwa wamelala.

Maji yanawavuta kuliko kitu kingine chochote, nayo nayaogopa kuliko kitu kingine chochote. Mtoto wa mwaka mmoja akitumbukia kwenye ndoo kichwa chini hawezi kujiinua, kichwa chake ni kizito kuliko nguvu za mikono yake, na hapigi kelele. Kwa hiyo kanuni ni moja. Maji ya mchezo yako kwenye beseni, kina cha vidole vitatu, na mtu mzima ameketi pale pale. Mtu huyo akiitwa ndani, anamwaga maji kabla ya kuitika. Ndoo na majaba ya uani yana mifuniko siku zote.

Baada ya udongo kuna kunawa, na hapa tengeneza kibuyu chirizi. Unahitaji dumu la lita 5, vijiti viwili vyenye panda, kijiti cha kuninginizia, kamba na kijiti cha kukanyagia.

Chomeka vile vya panda ardhini, kimo cha juu kiwe kifua cha mtoto wa miaka minne. Pitisha kijiti kwenye mshikio wa dumu na ukilaze juu ya panda. Pasha msumari moto, toboa tundu moja dogo upande wa mbele wa dumu, chini kidogo ya shingo. Funga kamba shingoni mwa dumu, ncha ya pili uifunge kwenye kijiti kilicholala chini. Jaza maji yasifike kwenye tundu. Mtoto akikanyaga, dumu linainama, maji yanachirizika, akiachia, linarudi. Sabuni itie kwenye soksi moja iliyopotelewa na mwenzake, uininginize pembeni. Chini mwaga kokoto pasiwe na tope. Siku ya kwanza watanawa mikono mara ishirini na dumu litaisha kabla ya uji, waachie tu.

Hatua ya 6: Kupanda, kuteleza, kubembea

Nilisema bembea ingoje. Hesabu ni hii: mbele na nyuma ya bembea inatakiwa nafasi tupu ya mara mbili ya kimo inapofungwa. Ukiifunga mita 2 kutoka chini, acha mita 4 mbele na 4 nyuma, na karibu 2 kila ubavu. Ua wangu wote una urefu wa mita 8. Bembea moja ingeumeza ili mtoto mmoja abembee na wanne wapange foleni wakisukumana mbele ya miguu inayokuja kwa kasi.

Ukiwa na nafasi, funga kwenye tawi hai la mwembe lenye unene wa paja la mtu mzima. Mlonge unavunjika bila taarifa. Tumia kamba ya manila ya unene wa kidole gumba, na mahali inapokaa juu ya tawi ivishe kipande cha mpira wa maji ili isikate ganda. Kikalio kiwe sentimita 40 kutoka ardhini. Ning'inia mwenyewe kwanza, siku tatu mfululizo. Mtoto mwenye mtandio mrefu, cheni au kamba ya kofia avuliwe kabla ya kupanda.

Kwa kuteleza ninapendekeza kilima. Udongo uliochimbwa kwenye shimo la mchanga ni mwanzo, ongeza wa kununua mpaka kimo cha mita 1 na kitako cha mita 3 na nusu. Shindilia kila tabaka kwa gogo, mwagia maji, panda ukoka, uache masika moja. Watoto watapanda kwa miguu minne na kushuka kwa makalio, au kwa gome la mgomba ambalo likichakaa unalitupa. Ngazi ya kutelezea ina mahali pa kudondokea. Kilima mtoto akishindwa anakaa. Na ngazi ya bati, jamani, saa 7 mchana inakaanga mapaja.

Matairi ni mali. Chagua yasiyotokeza nyuzi za chuma, sugua kwa sabuni. Usiyalaze hivi hivi. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wa dengue huzaliana kwenye maji yaliyotuama kama ya ndani ya tairi, halafu anauma mchana, saa za watoto kuwa nje. Kila tairi lichimbwe matundu matano upande wa chini, au lijazwe udongo. Kisha yasimamishe mstari mmoja, nusu ardhini, nusu juu: farasi, daraja, daladala, vyote ndani ya siku moja. Paka rangi nyeupe juu, lisichome.

Kitu chochote cha kupanda kisizidi mita 1.2, na chini yake kuwe na mchanga laini wa sentimita 23 au zaidi. Nafasi kati ya mbao iwe chini ya sentimita 9 au juu ya 23. Kati ya hapo kiwiliwili cha mtoto hupita na kichwa hubaki, kosa ambalo mafundi wa fenicha hulifanya kwa nia njema kabisa.

Jambo moja nilijaribu nikalijutia: ukuta wa sauti, yaani madebe na mifuniko ya sufuria iliyoninginizwa ipigwe. Watoto waliupenda. Jirani yetu anafanya kazi ya ulinzi usiku na hulala mchana. Tulidumu siku mbili.

Hatua ya 7: Acha patupu

Ua ukiruhusu, acha duara la mita 4 lisilo na chochote, udongo mtupu ulioshindiliwa na kufagiliwa. Hapo ndipo ukuti ukuti unachezwa, hapo wanaruka kamba, hapo wanachora vyumba vya kurukia kwa mguu mmoja, na wakubwa wakirudi shule wanacheza rede. Mzazi mmoja alinishauri nipande maua katikati, pamekaa kimaskini. Nilimkaribisha uji tukae naye barazani. Kufika saa 5 pale katikati palikuwa pamepita treni, harusi na msiba mmoja wenye kilio cha kweli kabisa. Hajayataja tena maua.

Kila asubuhi

Kazi ya dakika kumi, kabla ya mtoto wa kwanza kufika, nayo nimeipa mtu mmoja mwenye jina, kwa sababu kazi ya wote haifanywi. Anaondoa wavu wa mchangani na kupitisha reki. Anagonga kila tairi kwa mpini wa ufagio, nyigu na mijusi watoke. Anavuta kamba zote kwa uzito wake. Anaangalia nyasi zilizorefuka na matofali yaliyorundikwa, makao ya nyoka na nge. Anamwaga maji yote yaliyolala, hata ya kwenye kifuu.

Kila mwezi tunahamisha kitu kimoja: jiko linageukia upande wa pili, gogo linasogea. Uwanja unakuwa mgeni tena bila kununua chochote. Na mchanga utapungua, unaondoka mifukoni, viatuni na kwenye nywele zilizosukwa. Sisi huongeza ndoo tano au sita kila baada ya miezi mitatu, na tumewaomba wazazi wakung'ute viatu getini, upande wa ndani.